Albamu za roki za 2024: zipi ulizisikiliza toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho?

solo_ya_usiku:

Wakuu habari za mwaka mpya. Kila kona watu wameshamaliza kupanga orodha zao za bongo fleva na amapiano za 2024, safi kabisa, ila najua humu kuna watu wa magitaa wametulia tu pembeni kwa hiyo nafungua uzi wetu. Swali: albamu gani za roki za 2024 ulizisikiliza NZIMA, yaani toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mpangilio waliouweka wenyewe, bila kuruka? Siulizi wimbo mmoja uliokutana nao TikTok ukakukaa kichwani, nauliza albamu. Bendi ya roki mimi naipimia hapo, wimbo mmoja mkali wengi wanaupata, ila dakika arobaini zinazoshikana bila kulegea hiyo ni kazi nyingine, na mwaka ulioisha zilitoka kadhaa za hivyo.

Naanza na zangu. Namba moja bila kusita ni bendi ya Waingereza The Cure, albamu Songs of a Lost World. Imetoka tarehe 1 Novemba, na kabla ya hapo albamu yao ya mwisho ilikuwa 4:13 Dream ya 2008, hesabu mwenyewe, miaka 16 watu wanangoja, mwimbaji wao Robert Smith kila akihojiwa anasema inakuja, wengine wakakata tamaa wakaanza kuishi na zile za zamani tu. Afu ikaja. Nyimbo nane, dakika 49 hivi, basi. Chukua ule wa kwanza, Alone. Ngoma zinaingia taratibu lakini nzito, besi ya Simon Gallup inanguruma chini, kinanda kinatanda juu, unangoja mtu aimbe, haimbi, unatazama simu labda imekwama, haijakwama, zinapita dakika tatu na zaidi ndo Robert Smith anafungua mdomo. Na ule wa kufunga, Endsong, una dakika zaidi ya kumi na sauti haiji mpaka dakika ya sita imeshapita. Prodyuza wa redio atakwambia huo wimbo haupigiki, mi nasema uzuri wake uko hapo hapo, zile dakika za mwanzo zinakutoa ulikokuwa, foleni, bosi, madeni, zinakukalisha chini, kwa hiyo neno la kwanza likija linakukuta umeshatulia na linaingia moja kwa moja.

Na si urefu tu. Miaka hiyo waliyokaa kimya Smith alizika mama yake, baba yake na kaka yake mkubwa Richard. Kuna wimbo wa huyo kaka, I Can Never Say Goodbye, kinanda kinarudia noti chache zile zile, maneno hayana mapambo, na anaimba akiwa na miaka 65 kwa sauti ile ile tuliyoizoea tangu miaka ya themanini, haijakwaruzika. Kwetu msiba una utaratibu wake, watu wanajaa, turubai linafungwa, wanawake wanapika, wanaume wanalala nje na mfiwa haachwi peke yake hata dakika. Hii albamu ni ya ile wiki inayofuata, turubai limeshafunguliwa, viti vimerudishwa, kila mtu amerudi kazini kwake na wewe ndo unaanza kuelewa kwamba mtu harudi. Waliofiwa na ndugu wa karibu wanaijua hiyo wiki. Sijawahi kusikia bendi yoyote ikaiweka kwenye magitaa hivi, na wala hawakuharakisha kukufariji.

Siku ile ile ya kutoka walipiga ukumbi wa Troxy pale London wakairusha YouTube bure, huku kwetu ilikuwa usiku mkubwa, walipiga albamu nzima afu wakaendelea na za zamani karibu saa tatu zote. Kama hujaiona itafute, muangalie Reeves Gabrels kwenye gitaa, yule aliyepiga miaka mingi na David Bowie, yupo na The Cure tangu 2012 lakini hii ndo albamu yao ya kwanza yeye akiwemo na unasikia kabisa tofauti, gitaa lake linalia juu ya kila kitu bila kumfunika Smith. Kule Uingereza iliingia namba moja moja kwa moja, mara ya mwisho kufika hapo ilikuwa Wish ya 1992.

Namba mbili, Fontaines D.C., Romance, vijana wa Dublin, albamu yao ya nne, ilitoka mwezi wa nane. Prodyuza ni James Ford yule anayefanya kazi na Arctic Monkeys. Wimbo wa Starburster, huyu muimbaji wao Grian Chatten alishikwa na hofu ya ghafla pale stesheni ya St Pancras London, moyo unakimbia, pumzi haitoshi, ndo akauandikia wimbo, na kwenye kiitikio unamsikia kabisa anavuta hewa kwa nguvu, ile HHHAA ya mtu anayekabwa, na ngoma zinaendelea kama hazijali. Mtu aliyewahi kupatwa na hali hiyo hawezi kuusikia akabaki vile vile. Afu albamu inakwenda inafunguka taratibu mpaka inaisha na Favourite, wimbo mwepesi wa magitaa ya kung'aa, unatoka mule ndani umepona.

Namba tatu Mdou Moctar wa Niger, Funeral for Justice. Huyu naamini wengine mtamuongelea vizuri kuliko mimi kwa hiyo nawaachia. Pearl Jam Dark Matter nimeipenda pia, Eddie Vedder bado anatoa ile sauti ya kifuani, ila katikati nilikuwa naruka nyimbo mbili tatu kwa hiyo kwa sheria ya uzi huu haiingii.

Zamu yenu. Na tafadhali mtu asilete orodha tupu ya majina, tuambieni mmesikia nini ndani yake.


kelele_za_eastlando:

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Hii thread nilikuwa naingoja manze. The Cure nakubali kabisa sina ubishi, lakini mimi ni mtu wa metali na hapa kuna kitu mmekiruka na kiko karibu na nyumbani. Lord Spikeheart, The Adept, ilitoka mwezi wa nne 2024. Huyu ni Martin Khanja, wengi mlimjua kwa Duma, wale wawili waliotoa ile albamu ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, watu wa Ulaya wakashtuka kwamba Nairobi kuna kelele ya aina hiyo. Sasa hii ni yake mwenyewe, na ameitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Kitu kilinimaliza ni hii: Khanja ni kitukuu cha Field Marshal Muthoni wa Kirima. Wakenya wanamjua, watani wa TZ nawaeleza, ni yule mama wa Mau Mau aliyepigana msituni mpaka uhuru ukapatikana, wanawake waliopewa cheo hicho ni yeye tu. Alibaki na zile rasta zake miaka yote baada ya uhuru, zimemfika chini, mpaka 2022 ndipo Mama Ngina Kenyatta akaja kumnyoa kwake Nyeri, na Septemba 2023 akafariki. Sasa miezi michache baadaye kitukuu chake anatoa albamu akiwa na huyo mama moyoni. Ukijua hivyo ile sauti yake ya kupiga mayowe inageuka kabisa, si mtu anajaribu kutisha watoto, ni mtu ana sababu ya kupiga kelele. Vita vile kwetu tunavisoma shuleni kwa kurasa chache halafu mtihani, imekwisha. Huyu jamaa amevitoa kwa kitabu akaviweka kwa koo.

Najua mtu atakuja kusema hiyo si roki kwa sababu kuna mashine nyingi na magitaa yamefichwa ndani ya kelele. Mimi nasema skiza kwanza. Skiza kwa spika kubwa, si hizo za sikio za bei ya sokoni, kwa sababu besi iko chini sana na simu haiwezi kuibeba. Roki ilianza kwa watu kupandisha amplifaya mpaka ikaanza kuraruka, huyu ameendelea tu kutoka hapo.

Nyingine, Judas Priest, Invincible Shield, mwezi wa tatu. Albamu yao ya kwanza kabisa ni ya 1974, kwa hivyo hii imekuja miaka hamsini baadaye, na mwimbaji wao Rob Halford alikuwa na miaka 72 na bado anapanda kule juu bila kusaidiwa. Glenn Tipton wa gitaa ana ugonjwa wa Parkinson, alisema wazi 2018, mikono haimtii kama zamani lakini bado yuko ndani ya utunzi. Richie Faulkner, gitaa mwenzake, naye 2021 mshipa mkubwa wa moyo ulipasuka akiwa stejini Kentucky, akamaliza wimbo, akapelekwa kufanyiwa upasuaji wa masaa kumi. Halafu watu kama hao wanakuja na albamu inakimbia hivi! Wimbo wa kwanza, Panic Attack, magitaa mawili yanafukuzana yanapokezana solo, wewe ukiwa kwa matatu unajipata umepiga kiti cha mbele.

Ya tatu ni ya wale wenye subira, Blood Incantation, Absolute Elsewhere. Hawa ni wa Denver, wanapiga deth metali, lakini walienda Berlin wakarekodi Hansa, studio ile ile Bowie alifanyia Heroes. Albamu ina nyimbo mbili tu, kila moja dakika kama ishirini, imegawanywa vipande vitatu vitatu. Unapigwa, unapigwa, halafu ghafla kila kitu kinanyamaza na unaskia sintesaiza zinaelea, na kipande kimoja wamemleta mtu wa Tangerine Dream mwenyewe, ile bendi ya Wajerumani ya sintesaiza, azipige. Halafu unapigwa tena. Kwa sheria ya solo_ya_usiku ya kutoruka, hii haina hata pa kurukia.


binti_kibokoni:

Hamjambo nyote. Kaka solo_ya_usiku umeandika vizuri mno kuhusu The Cure, hasa hapo pa turubai kufunguliwa, nimesoma mara mbili. Lakini Mdou Moctar kumweka wa tatu na kumpa mstari mmoja, hapo nimeona nisinyamaze.

Huyu mtu ni Mtuareg wa Niger, nyumbani kwake Agadez. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa mkono wake na nyuzi alitumia waya za breki za baiskeli. Anapiga kwa mkono wa kushoto, tena kwa vidole bila kipigio, na ndio maana noti zake zinatoka nyingi namna ile zinamwagika lakini kila moja unaisikia. Na alivyojulikana mwanzo ni kitu sisi huku tunakifahamu vizuri, si kwa redio wala kwa kampuni kubwa, ni nyimbo zake kupita simu hadi simu, watu wanahamishiana kwa Bluetooth na memori kadi toka mji hadi mji jangwani. Nani hapa hakuwa na memori kadi iliyojaa nyimbo asizojua hata zimetoka wapi? Lebo ya Sahel Sounds ya kule Marekani ilimpata kupitia hizo hizo nyimbo za simu.

Sasa Funeral for Justice imetoka tarehe 3 Mei 2024. Wimbo wa kwanza ndio wenye jina la albamu, na pale pale anawakabili viongozi wa Afrika, anawauliza wamefanya nini. Uko Oh France, huo hauhitaji maelezo, jina limesema, na ukumbuke wanajeshi wa Ufaransa wa mwisho waliondoka Niger Disemba 2023. Uko Imouhar, anawaambia Watuareg wenzake wasiiache lugha yao ya Kitamasheki ikapotea. Uko Modern Slaves wa kufunga. Ghadhabu ile ni ya kweli wala haijapakwa sukari ili Mzungu aipende, na hiyo ndiyo sababu mimi naiweka juu ya zote. The Cure wanalia msiba wa nyumba moja, huyu analia msiba wa nchi, na magitaa yenyewe yanakuambia hajakubali kuzika.

Halafu kuna lililotokea kabla ya hapo. Julai 2023, albamu ikiwa haijatoka bado, wao wako Marekani ziarani, jeshi likapindua serikali nyumbani, mipaka na anga zikafungwa. Mdou, Ahmoudou Madassane wa gitaa la pili na Souleymane Ibrahim wa ngoma wakawa hawana njia ya kurudi kwa wake na watoto wao, ikabidi waombe msaada wa wasikilizaji wapate kuishi. Mpiga besi wao Mikey Coltun ni Mmarekani, kwa hivyo yeye alikuwa kwao. Kabla hawajapata njia waliingia studio New York wakairekodi albamu hii hii upya, safari hii kwa magitaa makavu bila umeme, wakaiita Tears of Injustice na tarehe ya kutoka wakaipanga 28 Februari 2025. Maneno ni yale yale. Ya umeme ni hasira, nina hamu kubwa ya kusikia hiyo kavu itakuwa nini, kwa sababu wameipiga wakiwa hawajui watarudi lini.

Kwa sisi watu wa pwani kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa sikio langu tu. Ukisikiliza mapigo yao, mengi yanazunguka kwa sita, ule mzunguko wa chakacha, mguu unajua pa kukanyaga kabla hujafikiri. Niliiweka jikoni siku moja tunaandaa pilau ya watu wengi, mama yangu mkubwa ambaye roki kwake ni fujo za vijana, akaanza kutikisa bega akiwa anachambua mchele. Akaniuliza hawa ni Waarabu wa wapi. Nikamwambia si Waarabu, ni Waafrika wa Niger. Akasema basi ongeza sauti.

Mkiipenda hiyo, tafuteni Etran de L'Aïr, 100% Sahara Guitar, nayo ya 2024. Ni bendi ya harusi ya hapo hapo Agadez, magitaa yanaongea kwa pamoja, hawana hasira ya Mdou, ni furaha tupu. Nimeisikiliza nzima na nikaianza tena.


dogo_wa_mbeya:

Wakubwa shikamooni. Mbona Linkin Park hamjaigusa jamani?? From Zero, 15 Novemba. Mi nimekua na Linkin Park, kaka yangu alikuwa nazo kwenye fleshi, kiingereza sikijui lakini nyimbo zote naimba, mwimbaji wao Chester alipofariki 2017 nilikuwa fomu wani na nakumbuka nyumbani kulikuwa kimya. Afu 2024 mwezi wa tisa wakatangaza wanarudi na mwimbaji mpya Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara na mpiga ngoma mpya Colin Brittain, watu mtandaoni wakaanza kumtukana yule dada kabla hata hajamaliza wimbo mmoja. Mi nilisikiliza albamu nzima ni fupi tu dakika thelathini na kitu, nyimbo kumi na moja na ule utangulizi ukihesabu, The Emptiness Machine ndo nimeurudia sana, Mike Shinoda anaanza yeye peke yake unadhani wimbo ni wake afu Emily anaingia katikati na unapanda. Na Casualty anapiga kelele balaa, hapo nani atasema hawezi? Mi naona hakuja kumuiga Chester na wala hajaombwa amuige, na jina lenyewe From Zero linatokana na jina la kwanza la bendi, Xero. Kwangu ndo namba moja na sioni aibu.


mzee_wa_santuri:

Marahaba dogo, na usione aibu hata kidogo. Bendi ikipoteza sauti yake ina njia mbili, ifunge au ianze upya kwa uwazi, wao wamechagua ya pili na wamefanya kwa heshima. Huyo binti kapewa mzigo mzito sana na ameubeba. Nilipousikia huo wimbo wa Casualty nikajua hapa pana mtu.

Mimi nakusanya santuri, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza na Jack White. Tarehe 19 Julai wateja waliokwenda kununua santuri kwenye maduka yake ya Third Man, Nashville, Detroit na London, walikuta wamewekewa ndani ya mfuko santuri ya ziada bila malipo, jalada jeupe, hakuna jina la msanii, hakuna majina ya nyimbo, imegongwa muhuri tu NO NAME. Wakafika nyumbani wakaiweka, kumbe albamu mpya ya Jack White mwenyewe. Na duka likawaambia waziwazi waigeuze faili wagawiane. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Agosti, ndipo ikatoka rasmi. Fikirieni mtu wa kiwango chake anaamini kazi yake kiasi cha kuitoa bila hata jina lake juu. Na muziki wenyewe ni gitaa la bluzi lililopandishwa mpaka linakwaruza, mafupi mafupi, hakuna kupoteza muda. Tangu White Stripes sikumsikia ameachia namna hii.

Lakini niliyoisikiliza kwa uzito kuliko zote ni ya Shellac, To All Trains. Wachache wanawajua. Steve Albini, mpiga gitaa na mwimbaji wao, ndiye aliyerekodi Surfer Rosa ya Pixies 1988 na In Utero ya Nirvana 1993. Alikuwa na studio yake Chicago, Electrical Audio, na alikataa maisha yake yote kuchukua asilimia ya mauzo ya wasanii, alisema analipwa ujira wa kazi kama fundi yeyote na basi, hata kwa Nirvana ambako angeweza kutajirika. Sijui watu wangapi kwenye biashara hii duniani wangekataa pesa ile. Alifariki ghafla kwa moyo tarehe 7 Mei 2024, ana miaka 61. Siku kumi baadaye albamu ikatoka kama ilivyokuwa imepangwa, ya kwanza yao tangu 2014. Walikuwa wameirekodi kidogo kidogo kwa wikiendi chache kati ya 2017 na 2022, kwa hiyo hakuna aliyejua kuwa itakuwa ya mwisho. Na wimbo wa mwisho kabisa jina lake ni I Don't Fear Hell. Dakika 28 zote za albamu, magitaa makavu, ngoma za Todd Trainer unazisikia kwenye chumba kana kwamba umesimama mlangoni, hakuna mwangwi wa kupamba. Nilikaa nikaisikiliza nikiwa nimezima taa.

Kim Deal, Nobody Loves You More, ya Novemba, nayo ina nyimbo alizorekodi na huyo huyo Albini. Huyu mama alikuwa besi wa Pixies, akawa na Breeders, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza kwa jina lake peke yake. Ina vinanda na tarumbeta mahali usipotegemea, laini, na mama yake aliyekuwa amepoteza kumbukumbu yumo ndani yake. Solo_ya_usiku, wewe uliyeandika vile kuhusu The Cure, hii itakugusa.

David Gilmour, Luck and Strange, nimeipenda kwa kipande kimoja hasa. Wimbo wenye jina la albamu umejengwa juu ya rekodi ya 2007, walikuwa wanapiga tu ghalani kwake pamoja na Rick Wright wa Pink Floyd, na Wright akafariki mwaka uliofuata. Kinanda unachokisikia ni chake. Na Between Two Points anaimba binti wa Gilmour, Romany, tena anapiga kinubi. Nyingine ndani nilizipita haraka.


kelele_za_eastlando:

Mzee umenifunza. Albini nilimjua kwa Nirvana tu, hiyo ya kukataa asilimia sikuwa nayo. Naiskiza Shellac leo jioni.

@binti_kibokoni hapo kwa Mdou nakupa mkono. Nilimskiza sana kwa Afrique Victime ya 2021, lakini hii mpya ni kali zaidi, hata sisi wa metali tunaikubali, zile ngoma za Souleymane kwa Sousoume Tamacheq zikiwekwa kwa rekodi ya metali hakuna mtu atashtuka. Umeskiza Spikeheart?


binti_kibokoni:

Nimeanza hivi sasa, kwa sababu ya bibi Muthoni. Sauti imenishtua mwanzo, nikapunguza, halafu nikarudisha juu. Nipe muda niimalize, sitaki kuitolea maneno nusu.


solo_ya_usiku:

Wakuu nimefurahi sana, sikutegemea uzi utafika huku. Dada binti_kibokoni, hoja yako ya msiba wa nyumba na msiba wa nchi nimeifikiria tangu asubuhi. Bado naishika The Cure namba moja na nakupa sababu yangu: Mdou ananiambia nisimame, na mwaka wenyewe nilikuwa nahitaji mtu wa kukaa na mimi. Mwaka mwingine jibu lingekuwa lako. Ila ule mstari mmoja kweli haukumtosha, umemtendea haki.

Mzee wangu wa santuri, Kim Deal nimeshaiweka kwenye foleni. Swali moja kabla sijalala: hiyo No Name ya Jack White ile yenye muhuri, ukiilinganisha na iliyotoka rasmi mpangilio wa nyimbo ni ule ule?


mzee_wa_santuri:

Nyimbo ni zile zile kumi na tatu. Wewe isikilize kwa upande A na upande B, ukifika katikati simama kidogo ndipo uendelee, maana ameipanga kwa santuri. Dogo wa Mbeya na wewe anzia hapo kwa Jack White, Shellac iache kwanza, utaifikia mwenyewe.


dogo_wa_mbeya:

Sawa mzee. Nimeshaishusha, sasa hivi nipo upande A.